Mbwa Aliyesubiri Mgeni Rasmi

Nchi yetu ipo, msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani imeshachorwa na kuchapwa, imefungwa utepe ofisini inasubiri kuzinduliwa, na mpaka siku hiyo hairuhusiwi kuonyesha kitu. Kwetu hakuna kinachoanza kabla ya kuzinduliwa. Daraja la mto wetu lilikamilika zamani. Mbuzi, ambao hawajui sheria, wanapita juu, na sisi tunavuka chini, nguo mabegani. Wodi ya wazazi nayo ilipokwisha kujengwa niliifaidi mwenyewe: mwanangu wa mwisho nilimzaa kwenye baraza yake, upande wa nje wa utepe, na muuguzi alinisifu sana kwa kutougusa.

Sisemi haya kwa kulalamika. Nina watoto wa kulisha, sina muda wa kulalamika. Nasimulia habari ya mbwa wangu na mahindi yangu kwa sababu redioni waliisimulia vibaya.

Shamba letu limepakana na msitu, na msituni wanakaa nyani. Nyani wetu hawaibi usiku kama wezi wa kawaida. Wanakuja mchana kweupe, baada ya chai, familia nzima, wanakaa chini, wanamenya hindi, wanaling'ata mara moja na kulitupa, wanachukua lingine. Kuna mwaka walimaliza shamba lote. Tulikula maboga asubuhi na jioni mpaka watoto wakawa wanalia wakiona kitu chochote cha mviringo.

Baada ya hapo nikatafuta mbwa, nikamfundisha mwenyewe. Kumfundisha si kazi ngumu: unakimbia mbele ukipiga kelele, mbwa anakufuata, na mwishowe anaona aibu anatangulia. Nilimpa jina la Mtasema. Jina hilo nilikuwa namwambia jirani yangu, Bi Sikudhani, ambaye alikuwa anasemasema habari zangu kisimani. Yeye naye akafuga mbwa akamwita Tumechoka. Basi kila jioni mimi nikisimama mlangoni naita "Mtasemaaa!" naye kwake anaita "Tumechokaaa!", na ugomvi wetu unakwenda vizuri bila mtu kuvunja heshima ya mtu. Nyani walikuwa wakisikia tu majina hayo wanarudi msituni.

Mwaka huu mahindi yalisimama kuliko miaka yote. Nikawaambia watoto: safari hii hakuna boga.

Ndipo Rais akasafiri.

Huko alikokwenda alionyeshwa jumba la mbwa waliookolewa, akaulizwa sisi kwetu tumeokoa wangapi. Inasemekana hakumaliza chakula. Kurudi tu, akaunda Wizara ya Uokoaji, na lori la Wizara likaingia kijijini kwetu kuokoa.

Mtasema alikuwa pembezoni mwa shamba, kazini. Vijana wawili wenye glovu wakamtia wavu.

"Huyo mbwa ni wangu," nikawaambia.

"Alikuwa wako, mama. Sasa ameokolewa."

"Ameokolewa kutoka kwa nani?"

Yule wa mbele akafungua karatasi aliyopewa ofisini, akasoma, akaikunja. "Kutoka kwako."

Bi Sikudhani alikuwa ameegemea ua wake anacheka mpaka kanga inamdondoka. Hakujua kuwa Tumechoka ameshatiwa ndani ya lori. Alipojua, tukalia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Redioni wakatangaza kwamba mbwa wote waliookolewa watafundishwa uwindaji na kazi za mikono, kisha watagawiwa kwa wananchi wenye sifa. Mume wangu, Baba Mwanaidi, mtu wa maneno machache, alisema, "Kazi za mikono?" Hakuongeza kitu wiki nzima.

Nilikwenda Makao ya Mbwa Waliookolewa kuomba mbwa. Jengo zuri, lina bendera. Nikapokewa na Afisa Malezi, Bi Honorata, mwanamke mpole, miwani mikubwa, ambaye baadaye nilimpenda, lakini siku hiyo sikumpenda.

"Una uzoefu wa kuishi na mbwa?"

"Nimeishi na huyo pale." Mtasema alikuwa nyuma ya wavu, amevaa fulana ya kijani yenye nembo ya taifa. Aliniona, mkia ukatikisika kidogo, akauzuia.

"Yule uliyeishi naye alikuwa mbwa wa kawaida," alisema Bi Honorata. "Huyu ni mhitimu. Na anaitwa Mshikamano. Lile jina la kwanza halikuwa la kitaifa."

"Sawa. Nipeni Mshikamano."

"Unamtaka wa nini?"

"Afukuze nyani."

Akaweka kalamu chini. "Yaani unataka kumfanyisha kazi?"

"Si mmemfundisha kazi?"

"Tumemfundisha, mama. Hatukusema afanye."

Nikamwambia kwamba mahindi yangu yameanza kubeba, nyani wameshaanza kuyahesabu, na nina watoto ambao hawataki tena kuona boga. Akasikiliza vizuri. Akasema mambo ya mahindi ni ya wizara nyingine.

Wiki zikapita, wakaja kukagua nyumba yangu kama inafaa kuishi mhitimu. Mkaguzi alipima madirisha, akanusa mtungi, akauliza mbwa atalala wapi. Nikamwonyesha banda. Akatikisa kichwa, akasema chumba cha watoto kina hewa nzuri zaidi, atakaa humo.

"Na watoto?"

"Wanalala wapi sasa hivi?"

"Chini, kwenye mkeka."

Akamwambia mwenzake aandike: watoto wamezoea.

Hivyo ndivyo nilivyomuasili mbwa wangu mwenyewe. Tulipigwa picha ya pamoja, mimi nimesimama, yeye amekalishwa kwenye kiti.

Asubuhi ya kwanza nilimpeleka shambani. Nyani walikuja wakati wao, baada ya chai. Mbele alikuwa dume lao kubwa, manyoya ya mabega yamekuwa meupe, anatembea polepole kama mtu anayejua kwamba wengine watasubiri.

"Haya, Mshikamano!"

Mbwa akakaa. Alikaa vizuri sana, kifua mbele, masikio juu, macho barabarani. Nyani walikuwa upande wa msitu. Yeye anatazama barabara.

"Nyani wako huku, mwanangu. Huku!"

Akanitazama kidogo kwa huruma, akarudisha macho barabarani. Nilikimbia mbele nikipiga kelele kama zamani. Nyani walirudi nyuma hatua chache kwa ajili ya kunisitiri, kisha wakaendelea kula. Nilipogeuka, mbwa hajasogea hata unywele.

Nikarudi Makao kwa hasira. "Mmeniharibia mbwa."

Bi Honorata akafunga mlango, akashusha sauti. "Anatazama barabarani?"

"Ndiyo! Anasubiri nini huko?"

"Mgeni rasmi."

Nikakaa.

Akanieleza. Tangu Makao yafunguliwe, hakuna wiki iliyopita bila kiongozi kutembelea. Mwalimu wa mbwa akaona hana muda wa kuwafundisha kando, basi akawafundisha humo humo kwenye sherehe. Mgeni rasmi anawasili, anakaa kwenye kiti chekundu, mbwa wanasimama kwa heshima. Mgeni anahutubia. Utepe unakatwa, watu wanapiga makofi, halafu ndipo ngozi ya nyani inaburutwa uwanjani na mbwa wanaambiwa kamata. Hawajawahi kuona nyani akifukuzwa kwa njia nyingine.

"Kwa hiyo wanadhani utepe ni sehemu ya uwindaji?"

"Mama, sisi wenyewe tunadhani hivyo," alisema Bi Honorata, na akavua miwani akaipangusa.

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Nyumbani nilimtolea Baba Mwanaidi suti aliyooa nayo, nikamvisha, vifungo vikakataa, nikasema ni vizuri zaidi, viongozi wetu vifungo vyao pia vinakataa. Nikaweka kiti shambani, nikakifunika kanga nyekundu. Nikafunga utepe wa ukili kati ya miti miwili. Bi Sikudhani, ambaye tangu siku ya lori tulikuwa hatugombani tena, akaja kuwa umati.

Nyani wakafika. Mume wangu akaja kwa barabara, akakaa. Mbwa akasimama!

"Hutubia," nikamnong'oneza.

Baba Mwanaidi akafikiri. "Kamata," akasema.

Mbwa akakaa.

"Umesahau itifaki, shemeji!" Bi Sikudhani akapiga kelele. "Taja viongozi! Shukuru Wizara! Kumbusha tulikotoka!"

"Tulitoka nyumbani," alisema mume wangu.

"Usiniambie mimi, mwambie mbwa!"

Akajaribu tena. Alisalimia, alishukuru, akaishiwa. Mbwa alipiga miayo, akalala, kichwa juu ya miguu. Alishawaona wageni rasmi wa kweli. Alijua kabisa kwamba mtu anayemaliza kuhutubia watu wakiwa bado macho hana cheo chochote.

Na nyani walikuwa wamefika mstari wa katikati wa shamba.

Sikuwa na njia nyingine. Nilikwenda kwa Bi Honorata nikamwambia anitafutie mgeni rasmi wa kweli, aje azindue kufukuza nyani kwangu, mara moja, kabla sijabaki na mabua. Alifurahi. Kumbe Wizara ilikuwa inatafuta mafanikio ya kuonyesha.

Maandalizi yaliletwa na malori. Walipiga hema la meza kuu. Walipoona hakuna maegesho, wakafyeka mahindi upande wa barabara.

"Hayo ndiyo mnayokuja kuyaokoa!" nikawaambia.

"Tunayaokoa yanayobaki, mama," alisema kijana mwenye panga, bila ubaya wowote.

Walipoona bendi haina pa kukaa, wakafyeka na ya upande wa kisima. Nikahesabu kichwani: Wizara kwa asubuhi moja ilikuwa imeshinda nyani. Yaliyobaki ni kipande cha kati, yamekauka vizuri, yanahitaji jua kidogo tu ndiyo yavunwe. Ndani ya kipande hicho ndimo kilimokuwa chakula cha nyumba yangu cha mwaka mzima, na nilisimama mbele yake nimeshika mchi. Yeyote mwenye panga aliyekaribia nilimuuliza jina lake na la mama yake.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Dakta Pazi Lugome, Mkurugenzi Mkuu wa Uokoaji wa Mbwa. Alisubiriwa asubuhi. Kijiji kizima kilikuja, kwa sababu palikuwa na masufuria ya pilau nyuma ya hema, na harufu yake ilikuwa inahutubia vizuri kuliko mtu. Mbwa alikaa kwenye mkeka wake mbele ya meza kuu. Bendi ya Wizara ilikaa na ala zake, macho kwa mbwa, maana mbwa ndiye aliyekuwa anajua mgeni rasmi yukoje kuliko mtu yeyote pale, na bendi ilikuwa na amri ya kupiga akisimama.

Jua likapanda. Mheshimiwa hajafika. Chai yake imepoa. Na nyani, ambao hawajawahi kuchelewa hata siku moja, wakatokea.

Dume lao kubwa liliona hema. Likaona kivuli, likaona kiti chekundu kina mto. Likaja polepole kupita katikati ya watu, bila kumtazama mtu, likapanda jukwaani, likakaa. Likashika chupa ya maji likaitazama kwa kutoridhika.

Mbwa akasimama.

Bendi ikapiga.

Na sisi, naomba mtuelewe, sisi tumesimama kwa wimbo huo tangu shule ya msingi. Tukasimama. Kijiji kizima, kofia mkononi.

Dume likashtushwa na tarumbeta, likainuka juu ya kiti, likabweka. Lilibweka kwa nguvu, kwa kirefu, likionyesha meno, likipiga meza kwa kiganja, likimnyooshea kidole huyu na yule. Hatukuelewa neno. Lilipopumua, tukapiga makofi.

"Anasema vizuri," Bi Sikudhani alininong'oneza. "Hajatuahidi kitu."

Makofi yakalikasirisha. Likaruka chini, likaushika utepe uliokuwa njiani, likauma, ukakatika.

Hapo ndipo nilipomwona mbwa wangu tena, yule wa zamani. Alitoka pale mkekani kama aliyefunguliwa mnyororo, fulana ya kijani ikachanika ubavuni, akaingia kwenye mahindi akibweka, nyani wakatawanyika, majike na watoto mgongoni, hindi nusu mdomoni, na mgeni rasmi akawa wa mwisho, ametupa chupa, mbwa yuko kwenye mkia wake mpaka mtini. Shamba likawa kimya. Kipande changu cha kati kimesimama chote. Nililia. Bi Sikudhani alilia. Baba Mwanaidi akasema, "Vizuri sana," na kwake hiyo ni hotuba.

Kisha zikasikika honi. Mheshimiwa Dakta Lugome alikuwa amefika.

Alishuka, akatazama utepe uliokatika. Uso ukambadilika kama aliyekuta mtu kitandani mwake.

"Nani amezindua?"

Watu wote wakatazama njia ya msitu.

"Nauliza, nani amezindua?"

Bi Honorata akasogea. "Mgeni kutoka msituni, mheshimiwa."

"Ana wadhifa gani?"

"Ni kiongozi wao, mheshimiwa."

Akamtazama, akatutazama. Akapanda jukwaani, akapangusa kiti kwa leso, hakukaa. Alisema kwamba nchi hii haiendeshwi holela. Alisema hana tatizo na nyani kufukuzwa, na Serikali inaunga mkono kwa dhati kufukuzwa kwa nyani, lakini wamefukuzwa bila utaratibu, kwa hiyo hawajafukuzwa.

"Mheshimiwa, wamekimbia," nikasema. "Tumewaona wote."

"Mama, uliona kwa macho. Mimi nazungumzia kisheria." Akawageukia walinzi wake. "Nyani warudishwe shambani walipokuwa, wafukuzwe upya."

Walinzi wakachukua lori, na mikungu ya ndizi iliyokuwa ya meza kuu, wakaelekea msituni.

Nilitazama kipande changu. Nilitazama njia ya msitu. Nilishawahi kuokolewa mara moja mwaka huo, ikanitosha.

"Bi Sikudhani," nikasema, "una magunia?"

"Ninayo, shoga."

"Jua lililobaki nitayaanikia uani."

Tukaingia. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa bure kinasubiri pilau, basi nikawaita, na watu wa kwetu ukiwaonyesha kazi ambayo haihitaji utepe wanaifanya kwa furaha ya ajabu. Tulivunja mahindi kwa mikono yote. Magunia yakajaa, kanga zikajaa, bendi wakatuazima ngoma yao kubwa, tukaijaza hadi juu. Mheshimiwa aliuliza kuna nini.

"Tunaandaa uwanja, mheshimiwa," nikamjibu, hindi mkononi.

Alifurahi. Alisema kwa kipaza sauti kwamba huo ndio moyo wa kujitolea, wananchi kuwawekea nyani mazingira wezeshi. Tulimpigia makofi, tukaendelea kuvunja.

Lori liliporudi, hindi la mwisho lilikuwa kichwani kwa Bi Sikudhani linatoka shambani. Nyani walikuwa wameshiba ndizi, wametulia, dume lao limekaa mbele karibu na dereva. Wakashushwa pale pale walipofukuzwa. Wakatazama kulia. Mabua. Wakatazama kushoto. Mabua. Wakanitazama mimi, na nasema kweli, nilijisikia vibaya kidogo.

Halafu upepo ukawaletea harufu ya pilau.

Sikuwahi kuona wageni wakiingia mezani kwa haraka hivyo, na nimeolewa kwenye ukoo mkubwa. Waliingia hemani wote. Masufuria yakafunuliwa. Jike moja lilikaa na mtoto wake kwenye kiti cha mkuu wa itifaki, wakagawana paja la kuku kwa adabu. Dume kubwa likavaa kofia ya Mheshimiwa, likaivua, likaila.

"Mbwa!" Mheshimiwa akapiga kelele juu ya meza alikopanda. "Mshikamano! Kamata! Kamata!"

Mbwa akakaa chini. Kifua mbele, masikio juu.

"Mbona hafanyi kazi?"

"Mheshimiwa," alisema Bi Honorata kutoka chini ya meza, "hotuba."

Ikabidi ahutubie. Utepe mpya ukafungwa kwa tai yake. Akaanza haraka haraka: "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa, natamka rasmi..." Mbwa akalala. Akaanza upya. Akamtaja Rais, mbwa akainua sikio. Akawataja mawaziri, akamruka mmoja, mbwa akapiga miayo, Mheshimiwa akarudi mwanzo. Akashukuru kamati. Akakumbusha tulikotoka.

Mimi nilikuwa nimeshabeba gunia langu la mwisho naondoka. Tulimwaga mahindi uani, rundo likafika dirishani, na watoto wakapanda juu yake wakakataa kushuka. Kutoka kwetu kipaza sauti kilisikika vizuri. Mheshimiwa alikuwa amefika mahali pa kuwatambua walioketi meza kuu, na mbwa, nadhani, hakukubali awaruke.

"...na kwa heshima kubwa na taadhima," sauti yake ilikuwa inatetemeka, "mheshimiwa kiongozi wa msafara kutoka msituni, mama, watoto, pamoja na wote mlioambatana naye..."

"Anawakaribisha," alisema Baba Mwanaidi.

Nikamsogezea ungo, tukaanza kupukuchua.